Mwezi wa Sita, Panda Usambara kwa Miguu

Mtu wa mjini akipata siku zake za likizo huwa na mambo mawili kichwani: kwenda nyumbani kusalimia wazee, au kwenda ufukweni kulala. Mwenye nafasi zaidi huongeza la tatu, mbugani kwa gari. Mlima ukitajwa, linalokuja haraka ni Kilimanjaro, na mazungumzo huishia hapo hapo kwa sababu ya gharama, baridi na hofu ya kuishiwa pumzi. Makala hii inatetea likizo ambayo wengi wetu hatuihesabu kabisa: siku tatu au nne za kutembea kwa miguu katika milima inayokaliwa na watu, kijiji hadi kijiji, mara tu masika yanapokwisha. Mfano wangu ni Usambara Magharibi, kutoka Lushoto hadi Mtae. Kwa mtu anayeshinda ofisini, dukani au nyuma ya usukani mwaka mzima, sioni mapumziko mengine yanayomrudishia mengi kiasi hicho kwa shilingi anayoitoa.

Pingamizi la kwanza ni zito na halifai kuchekwa. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtu hutembea kwa sababu hana nauli. Mtoto anayekwenda shule kilomita nane na kurudi nane, mama anayeshuka mlimani na mzigo wa kuni kichwani, mkulima anayebeba kabichi hadi barabarani kabla hakujapambazuka: ukiwaambia hao kwamba umelipa ili utembee, watakushangaa, na wana haki. Lakini tuangalie ni nini hasa kinachoifanya safari yao iwe mateso. Ni mzigo, njaa, hofu ya kuchelewa, na kukosa hiari. Ukiviondoa hivyo vinne, kinachobaki ni mwili unaofanya kazi uliyoumbiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kumo. Anayetoka Mbagala au Kimara alfajiri kwa daladala, akakaa kitini saa nane, akarudi usiku, hazifikishi. Tunalijua hilo wenyewe, ndiyo maana vikundi vya jogingi vimejaa Dar es Salaam na Unguja asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Anayetembea milimani saa tano kwa siku humaliza kiwango cha wiki nzima kwa siku moja, tena bila kuhisi yuko mazoezini, maana macho na masikio yana shughuli yake. Siku nne haziponyi uzembe wa mwaka mzima, ni kweli. Ila safari hii hudai maandalizi ya majuma kadhaa, na hayo ndiyo yanayoweza kubaki desturi.

Sasa, kwa nini mwezi wa sita? Huko kaskazini ya dunia watembea milimani husubiri theluji iyeyuke. Kwetu mvua ndiyo inayofunga na kufungua njia. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Aprili usiende. Udongo mwekundu wa Usambara ukishiba maji huteleza kama sabuni, mito hujaa ghafla, na barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, iliyochongwa ubavuni mwa mlima, huweza kuangukiwa na mawe na udongo. Mvua ikikatika, mambo hugeuka ndani ya wiki chache. Ardhi imeshiba, kila kijito kina maji, mahindi na maharage yako shambani, na hewa imeoshwa. Hili la hewa lina uzito kuliko linavyosikika. Kufikia Septemba, vumbi la nyika na moshi wa nyasi zinazochomwa huweka utando mweupe unaoficha kilicho chini ya mlima. Mwezi wa sita, ukisimama kwenye ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, unayaona mashamba ya mkonge ya Mazinde takriban mita 1,000 chini ya miguu yako, mistari yake imenyooka, na nyuma yake nyika ya Umasaini bado ina kijani, inakwenda mpaka macho yanashindwa.

Kuna pia suala la joto. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo Tanga ikiwa na nyuzi 25, Lushoto unategemea karibu 16, na juu kwenye msitu wa Magamba chini ya hapo. Hiyo ndiyo hali ya hewa ambayo mtu anaweza kupanda kilima saa sita mchana asichemke. Usiku ni sweta na blanketi mbili, na anayetoka pwani asibishe hili mpaka aje atetemeke. Mwezi huo shule za Tanzania nazo huwa kwenye likizo ya katikati ya mwaka, jambo linalowafaa wenye watoto wakubwa. Mvua haiishi kabisa, kwani Washambaa, wenyeji wa milima hii, wana msimu wao wa mluati, manyunyu yanayopita kuanzia Julai, na asubuhi nyingi mabonde hujaa ukungu. Koti la mvua lisikosekane. Wiki tatu za mwisho za Juni na mwanzo wa Julai ndizo ninazozipendekeza bila kusita.

Milima yenyewe si ya kawaida. Usambara ni kipande cha Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Haikutokana na volkano kama Kilimanjaro na Meru. Ni miamba ya kale mno iliyoinuliwa na mipasuko ya ardhi. Kwa kuwa imeikabili bahari, mawingu ya Bahari ya Hindi yameinywesha kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya bara ilikauka na misitu yake ikatoweka. Ndiyo maana humu mna mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani, na jina la kisayansi la Saintpaulia likatokana naye. Watu wa dunia nzima wanalimwagilia ua letu kila asubuhi, na wengi wetu hatujawahi kuliona mwambani lilikotoka.

Utajiri huu wa viumbe hauonekani kwa dirisha la gari, na hapa ndipo kutembea kunaposhinda usafiri mwingine wowote. Ndani ya msitu wa Magamba, njia inapopita kwenye ukuta wa udongo unaovuja maji, simama dakika kumi. Mwanzoni utaona ukoga na kangaga tu. Kisha kijiti kimoja kitasogea. Ni kinyonga wa Usambara, dume ana pembe mbili zimechomoza puani, vidole vimegawanyika mafungu mawili vikibana kijiti kwa nguvu, jicho moja limekukodolea wewe na jingine linazunguka kivyake likitafuta nzi. Juu yako, kwenye miti mirefu ya mkulo, mbega weusi wenye mabega meupe wanarukiana. Mbega huwa wanasikika kabla hawajaonekana, na anayepiga kelele atasikia matawi tu. Watu wanne wanaotembea kimya wataona mengi kuliko kumi na watano wenye spika ya muziki begani. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa sababu spika hizo zimeanza kufika msituni, na ni hasara kwa kila mtu.

Wapo watakaosema: kama ni mlima, basi uwe mlima wenye kilele, mtu apate cha kusimulia. Sina ugomvi na Kilimanjaro, ni mlima wa fahari. Ila ni kazi ya aina nyingine. Kilele chake kiko mita 5,895, na ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu wakishapita mita 2,500 hivi, akiwamo kijana mwenye misuli aliyejiandaa mwaka mzima. Usambara yote haifiki mita 2,400, kwa hiyo hatari hiyo haipo. Na kilele kina udikteta wake: usipokifikia, umeshindwa. Katika safari ya kijiji hadi kijiji hakuna kushindwa. Ukichoka saa saba mchana, unaketi kwenye kibanda cha chai, unaagiza maandazi, na kama miguu imegoma kabisa, bodaboda haiko mbali. Jambo hilo peke yake linawafungulia milango ya milima watu wa miaka hamsini na sitini, ambao ndio wanaohitaji zaidi kutembea.

Tena milima inayokaliwa ina habari za kusoma njiani. Huku ndiko alikohamia mwindaji Mbegha, aliyeanzisha ukoo wa Wakilindi uliotawala kutoka Vugha. Habari zao aliziandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kingefaa kuwamo kwenye begi la kila anayekwenda. Ukiyatazama mashamba ya mteremkoni, angalia matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Washambaa, hasa wa bonde la Mlalo, kuchimba matuta kwa amri, na wananchi wakaikataa kazi hiyo kwa nguvu hadi mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Leo utakuta wakulima wanaotumia makingamaji na majani ya malisho kushika udongo kwa hiari yao, kwa sababu wanaona faida yake. Pale pale karibu nao kuna mteremko mtupu uliokwisha kubebwa na maji. Mtu akipita kwa miguu na kuuliza maswali mawili matatu, ataelewa kuhusu udongo wa nchi hii jambo ambalo semina haimfundishi.

Njia yenyewe hupangwa hivi. Unafika Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, halafu unapanda kilomita 33 za lami yenye kona kali kupitia Soni hadi Lushoto. Lala hapo usiku mmoja, na jioni hiyo nyoosha miguu kwenda Irente na kurudi. Kule utapata pia mkate, jibini na jamu zinazotengenezwa shambani hapo hapo. Kesho yake unaingia Magamba na kutokea upande wa Lukozi, kwenye soko kubwa la mboga ambako karoti, kabichi na viazi mviringo hupakiwa kwenda mijini. Siku ya pili ni Rangwi, kijiji kilicho bondeni, ambako masista hupokea wageni. Siku ya tatu unafuata migongo ya vilima hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo, bonde huku na bonde kule, kikiitazama Mkomazi na Milima ya Pare. Hewa ikiwa safi, Kilimanjaro inaonekana. Tangu Mombo hadi hapo umeshuhudia mkonge, migomba, msitu wa mawingu, bustani za mboga na nyika. Sijui safari nyingine fupi ya miguu nchini inayobadilika kiasi hicho.

Kosa linaloharibu safari nyingi ni hesabu ya muda. Watu hupima kwa kilomita za barabara tambarare. Mskochi William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita 15 zenye kupanda mita 600 ni saa nne kwa kanuni hiyo, lakini Naismith alikuwa akiwafikiria watu wazoefu. Mgeni aongeze nusu yake, ziwe sita, na saa moja ya kula na kupumzika. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika saa nane mchana, bado una mwanga wa kuoga na kuuzunguka mji. Ukichelewa kuondoka hadi saa sita kwa sababu mmoja wenu alikuwa akitafuta chaja, giza la saa kumi na mbili na nusu litawakuta njiani, na njia za mashambani usiku si za mzaha. Kurunzi ya kichwani ni ya dharura, isiwe sehemu ya mpango.

Mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Wengi hujiandaa kwa kuhofia pumzi za kupanda, kumbe misuli ya mapaja huumia zaidi wakati wa kushuka, inapolazimika kurefuka huku ikizuia uzito wa mwili. Maumivu hayo huja kesho yake na kufika kilele siku ya pili. Dawa yake ni kuizoesha misuli mapema: kwa wiki sita kabla ya safari, panda na kushuka ngazi za ghorofa mara tatu kwa wiki, na kila mwisho wa juma tembea saa mbili au tatu ukiwa na begi lile lile utakalolibeba. Viatu visiwe vipya. Raba nzuri yenye meno inatosha kwa njia hii, mradi umeshaivaa mwezi mzima na ina nafasi ya kidole mbele, kwa sababu kwenye mteremko vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla. Ukihisi sehemu ya kisigino inapata joto, simama hapo hapo, kausha mguu, bandika plasta. Lengelenge lililokwisha kupasuka linakunyima siku inayofuata. Begi lisizidi kilo sita, pamoja na lita mbili za maji. Fimbo utachongewa njiani, itakupunguzia mzigo wa magoti.

Mtanzania au Mkenya anayezungumza Kiswahili atauliza kwa nini alipe mtu wa kumwongoza kwenye nchi yake. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba lugha haikuonyeshi njia. Kati ya Lukozi na Rangwi, vijia hugawanyika kila baada ya shamba, na vingi huishia jikoni kwa mtu. Kwenye ramani ya simu vingi havimo. Kiongozi mwenyeji anajua kijito gani bado kimejaa, nyumba gani inapika chakula cha mchana, na mzee gani anapaswa kusalimiwa kwanza. Mpate kupitia kikundi kinachotambulika pale Lushoto, kubalianeni bei na yaliyomo kabla hamjaondoka, na epuka anayekudaka stendi. Msitu wa Magamba ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali hulipiwa serikalini kwa namba ya malipo, nawe unadai stakabadhi yako. Mkiwa wanne, posho ya kiongozi inagawanyika, na gharama ya siku inakaribia ile ya mtu anayeshinda baa.

Fedha taslimu ndogo ndogo ziwepo, maana si kila kibanda kina wakala wa kutoa pesa. Kula makande na mboga za hapo, nunua matunda kwa mama aliyeyapanga kando ya njia, bila kupatana mpaka umuumize. Mavazi yawe ya heshima: Usambara ina Waislamu wengi na Walutheri wa siku nyingi, na suruali nyepesi ndefu au dera juu ya taiti ya jezi haimzuii mtu kupanda. Shikamoo kwanza, swali baadaye, picha mwisho na kwa ruhusa. Watoto wasigawiwe pesa wala peremende. Mwenye kutaka kusaidia aulize shule ya kijiji inahitaji nini. Maji chemsha au tia dawa. Na kwa kuwa Mombo na Mazinde ziko chini kwenye joto, chandarua na tahadhari ya malaria bado zinahusika.

Mwenye goti bovu, mimba kubwa au mtoto wa miaka mitano asijilazimishe njia nzima. Na apange chumba Lushoto siku zote, atoke asubuhi na kurudi jioni: Irente siku moja, ukingo wa Magamba siku nyingine, Soni ya tatu. Atakosa Mtae, lakini kiini cha safari, yaani mwendo wa taratibu katika hewa baridi na mlima wenye watu, atakipata chote. Kwa msomaji wa Mombasa au Voi, Taita ni mwanzo wa mnyororo huu huu, na kutoka Wundanyi anaweza kupanga siku zake kwa namna hiyo hiyo bila kuvuka mpaka. Aliyeshindwa kabisa mwezi wa sita afikirie Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Kuna joto zaidi, na nyika huwa imeanza kukauka, ila njia ni kavu.

Mabasi ya kutoka Mtae huondoka alfajiri mno, kwa hiyo weka nafasi jioni ya kabla na mwombe mwenye nyumba akuamshe. Ukiweza, rudi mjini Ijumaa. Mapaja yatakuwa yamekaza mpaka Jumapili, na Jumatatu asubuhi utahitaji kupanda daladala.